Kutenga seli za kinga kwenye damu kwa ajili ya kupima jeni

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia kijana wa mafunzo kwa vitendo hapa Bagamoyo. Alitaka kupima jeni ya FOXP3, inayoongoza seli T za udhibiti, zile zinazozuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Jeni hiyo ikiharibika, mtoto hupata ugonjwa wa IPEX: utumbo, ngozi na kongosho vyote hushambuliwa.

Hatua ya 1: Damu
Chukua mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Wanaootesha seli hupenda heparini, kizuizi kingine cha kuganda, na wana sababu, kwa kuwa EDTA hufunga kalsiamu ambayo seli T huihitaji zinapoamshwa. Lakini heparini huzuia PCR, njia ya kunakili na kupima jeni. Kwa kazi ya jeni siikubali kabisa.

Tenga siku hiyohiyo, na usiweke damu kwenye barafu. Ikilala, jeni huendelea kuwaka na kuzimika humo mrijani, kisha unapima masaibu ya safari badala ya hali ya mgonjwa.

Hatua ya 2: Zimua
Damu na PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli), nusu kwa nusu.

Hatua ya 3: Kutandaza na kuzungusha
Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Tia mililita 15 za Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli, gramu 1.077 kwa mililita) katika mrija wa mililita 50. Uinamishe, kisha teremsha mililita 30 za damu iliyozimuliwa taratibu ukutani mwa mrija. Ikichanganyika na Ficoll, anza upya, haina dawa.

Toa Ficoll kwenye friji mapema ifikie nyuzi 18 hadi 20. Joto letu la pwani ni adui: kwenye joto kubwa chembe nyekundu hugandamana haraka na kunasa limfosaiti (chembe nyeupe za kinga, seli T zikiwemo), ukavuna kidogo. Baridi nayo hupunguza kasi ya kugandamana, hivyo utengano huchelewa. Weka mashine ya kuzungushia (sentrifuji) kwenye nyuzi 20, uiache ipoe kabla ya kuingiza mirija.

Zungusha kwa g 400 (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30. Usinakili mizunguko ya maabara nyingine! Rota (kishikio cha mirija kinachozunguka) yenye nusu kipenyo cha sentimita 17 hufikia g 400 kwa mizunguko kama 1,450 kwa dakika. Ya sentimita 10 huhitaji kama 1,890. Pima rota yako kwa rula.

Halafu breki. Izime kabisa, iwe sifuri, na uhakikishe tena kabla ya kubonyeza, maana aliyekutangulia huenda aliiwasha. Breki ikikamata, tabaka hutibuka na ule utando mweupe hutoweka. Mashine itachelewa kusimama, isubiri.

Hatua ya 4: Vuna na uoshe
Nyonya utando mweupe, ndizo seli za kinga, ulio kati ya plazma na Ficoll, bila tamaa ya kufuata Ficoll chini. Osha kwa PBS mara mbili, g 300, dakika 10. Sasa breki ruksa.

Hatua ya 5: Hesabu, kisha vunja
Rangi ya tripani bluu huingia seli zilizokufa tu. Ukishahesabu, tia seli kwenye kimiminika cha kuvunjia papo hapo, ndipo RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) ibaki salama. Za akiba zigandishe kwa seramu ya ndama asilimia 90 na DMSO (kemikali inayolinda seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, zikishuka nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kesho yake zihamie kwenye naitrojeni ya kimiminika.