Jinsi ya kuutuliza uchungu wa jentiana kwenye kokteili ya bourbon

Hapa Malindi chupa za pombe chungu, kama zile za mzizi wa jentiana, hazikosekani, manake Wataliano tuko nao tangu enzi za kituo cha San Marco kule Ngomeni, pale ilikorushwa satelaiti 1967, na Mtaliano kabla ya chakula lazima apate kitu kichungu cha kufungulia tumbo. Sasa na wenyeji wameingia, watu wanazichanganya nyumbani na bourbon, halafu glasi nzima inaishia kwenye sinki eti ni chungu kama shubiri. Chupa haina makosa jamani. Makosa ni kipimo, na ile haraka ya kukimbilia sukari. (Kama wewe si mnywaji, hii si yako, pita salama.)

Hebu kwanza tujue tunapambana na nini. Jentiana ni mmea wa milimani Ulaya, una maua ya njano, na kinachotumika ni mzizi. Ndani ya huo mzizi kuna kitu kinaitwa amarogentini, ni katika vitu vichungu kabisa vinavyojulikana duniani, ukikizimua kwa maji mara milioni 58 bado ulimi unakikamata. Ndo maana mililita kumi tu za ziada zinakuharibia glasi nzima. Wafaransa wanayo Salers tangu 1885 na Suze tangu 1889, hizo ni jentiana yenyewe mbele mbele, harufu ya udongo na mizizi. Aperol, ambayo ilitoka Padova 1919, nayo ina jentiana lakini imepozwa na machungwa na sukari nyingi, na kilevi chake ni asilimia 11 tu, kwa hivyo anayeanza aanze na hiyo. Campari, pombe nyingine chungu ya Wataliano, mapishi yao ni siri, lakini kwa kazi yetu ihesabu upande wa uchungu mkali.

Huu uchungu una tabia moja ya kuudhi: unachelewa. Ukipiga fundo, bourbon inatangulia, utamu unafuata, ukishameza ndo mzizi unapanda kule nyuma ya ulimi na hautoki. Basi usionje mara moja ukasema iko sawa. Onja, piga stori kidogo, onja tena, fundo la tatu ndilo linalosema kweli.

Bourbon yenyewe ni wiski ya Marekani, kwa sheria yao lazima mahindi yawe si chini ya asilimia 51 na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, na huko kuchomwa ndiko kunakoleta vanila na ile harufu ya sukari iliyoungua. Hiyo harufu ndo rafiki yako hapa, inaufanya ulimi udhani kuna utamu hata kama sukari hakuna. Jim Beam ya kawaida inatosha kabisa. Maker's Mark wanatia ngano badala ya nafaka ya rai, inateleza zaidi, na ina asilimia 45 kwa hivyo barafu haiimalizi upesi. Mimi nikiwa na chaguo nachukua hiyo ya 45, joto la huku Machi si mchezo.

Vipimo vya kuanzia: bourbon mililita 45, yaani toti moja na nusu, vemuthi nyekundu (ile divai tamu iliyotiwa mitishamba) 20, pombe ya jentiana 10. Naam, 10 tu. Mapishi mengi utakayoyaona yanasema vyote sawa kwa sawa, hayo waachie waliozoea. Ukinywa ukaona uchungu unataka kuongezwa, panda kwa 5, usirukie 20. Ukitumia Aperol hapo sawa, weka 20 na vemuthi ishushe iwe 15, la sivyo itakuwa sharubati.

Huna vemuthi? Tengeneza shira ya asali, asali vijiko viwili kwa maji ya moto kijiko kimoja, koroga ipoe, kisha tia kijiko kimoja cha chai kwenye glasi. Asali ya huku kwetu upande wa msitu wa Arabuko Sokoke ni nzito na ina harufu yake, inakaa vizuri sana na mzizi. Sukari nyeupe nayo inaweza lakini inaleta utamu mtupu, na hapo unapata glasi yenye vitu viwili visivyosalimiana, tamu mbele chungu nyuma. Ndo maana nasema sukari si dawa ya uchungu.

Dawa ni chumvi. Najua mtu atacheka lakini sikiliza, chumvi kidogo inauzima uchungu ulimini kabla hujaisikia yenyewe kama chumvi, na uchungu ukishuka ule utamu uliokuwemo tayari unajitokeza bila kuongeza chochote. Chukua chumvi gramu 20, maji gramu 80, koroga mpaka iyeyuke, tia kwenye kichupa cha matone, hata kile cha dawa ya macho kilichooshwa vizuri kwa maji ya moto kinafaa. Kwa glasi moja matone mawili, ukizidi matatu. Chumvi yetu ya Gongoni ni sawa tu, usidanganywe ununue ile ya waridi ya bei. Ukiona kinywaji kina ladha ya bahari umepitiliza, na hiyo haina marekebisho ila kugawanya kwenye glasi mbili na kuongeza vile vingine bila chumvi.

Barafu sasa. Vile vipande vidogo vinavyoanza kutoka jasho ukivigusa tu vitakupa maji matupu. Gandisha maji kwenye kopo la plastiki usiku kucha, upate jibonge, ulivunje kwa mgongo wa kisu kizito. Tia kila kitu kwenye glasi kubwa, koroga kama nusu dakika, usitikise, kisha chuja kwenye glasi iliyotoka friza yenye bonge moja. Na onja baada ya kupoa siyo kabla, baridi inapunguza utamu ulimini, kilichokuwa sawa kikiwa vuguvugu kitakuja kuwa chungu kikipoa.

Mwisho ganda la chungwa. Machungwa yetu ya Pwani ni ya kijani na hilo halina shida, mafuta yamo. Kata kipande chembamba bila ule weupe wa ndani, manake weupe nao ni mchungu na tunao wa kutosha. Likunje juu ya glasi yale mafuta yaruke, pangusa ukingoni, tumbukiza. Pua ikipata chungwa kwanza, uchungu hauji kwa kishindo.

Ndimu mimi siweki kwenye hii. Uchachu na uchungu bila utamu wa kuvishika vinakuwa ukali mtupu, na ukianza kuongeza utamu wa kuishika ndimu ushaanza kinywaji kingine. Na tafadhali asitokee mtu wa kuchemsha mwarobaini ati ni badala ya jentiana, hiyo hapana kabisa. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayemeza dawa, na yule anayepanda pikipiki baadaye, wakae na madafu yao.

Vemuthi ikishafunguliwa inakaa frijini na uimalize ndani ya mwezi hivi, ikianza harufu ya siki mwaga. Chupa ya jentiana haina neno kabatini, mradi isipigwe na jua.

Wageni wakiwa sita usisimame kukoroga glasi moja moja. Changanya mapema kwenye chupa safi: bourbon 270, vemuthi 120, jentiana 60, maji safi 90 yakae badala ya barafu inayoyeyuka, na matone 12 ya ile chumvi. Iweke frijini tangu asubuhi, jioni unamimina juu ya barafu na kukunja ganda la chungwa kwa kila mtu, anayetaka uchungu zaidi muwekee chupa ya jentiana mezani ajiongezee mwenyewe.