Ukitaka kuonyesha picha ya kauboi ya mtu aliyesingiziwa

Anza na The Ox-Bow Incident ya mwaka 1943, ya William Wellman. Haifiki hata saa moja na nusu. Ni nyeusi na nyeupe, na risasi ni chache, kwa hiyo waambie watu mapema, kabla hawajatoa kiingilio.

Usitafute iliyotiwa sauti ya DJ, yule anayetafsiri na kusimulia juu ya picha. DJ hujaza maneno kila palipo kimya, na uzito wa picha hii uko kwenye vile vimya. Iangalie kwanza peke yako, kisha siku yenyewe simama kando ya tivii utafsiri yale yanayobana tu.

La kutafsiri vizuri kuliko yote ni habari ya karatasi. Mgeni aitwaye Martin, Dana Andrews huyo, pamoja na wenzake wawili, anakutwa na ng'ombe wa mtu anayesemekana ameuawa. Anasema kawanunua, ila hati hana. Hapa Arusha, anayepeleka mifugo mnada wa Meserani ataelewa papo hapo. Mwache mtazamaji amshuku Martin. Usimdokeze kitu.

Halafu inakuja kura ya kundi lililowakamata: wanyongwe palepale au wapelekwe mahakamani. Wanaotaka watuhumiwa wote watatu wapelekwe mahakamani wanajitenga upande mmoja: watu saba. Simamisha picha hapo. Uliza nani angesimama na wale saba, mikono juu, bila kelele, uwahesabu. Mtaani kwetu Ngarenaro ukisikia "mwizi!", mawe yanaokotwa kabla mtu hajauliza kaiba nini. Ndiyo maana nawakalisha hapo muda mrefu, hata wakinung'unika.

Kuna watakaosema steringi hafi. Steringi ni Henry Fonda, na kweli hafi, lakini wale watatu hawaokoi. Mwishoni anasoma barua ya Martin kwa mkewe, na ukingo wa kofia ya mwenzake umemziba macho. Barua hiyo usiitafsiri juu kwa juu. Iandike kabla, uisome polepole.

Wiki inayofuata weka Sergeant Rutledge (1960) ya John Ford: Woody Strode ni sajenti mweusi wa jeshi la farasi, anashtakiwa kwa ubakaji na mauaji asiyoyatenda. Watoto wasiingie. Picha inatoka mahakamani na kurudi kwenye matukio ya nyuma mara kwa mara, sema kila inaporudi.

Hang 'Em High (1968), ambayo steringi ni Clint Eastwood, iweke ya mwisho kabisa. Ukitangulia nayo, vijana watashangilia kisasi, na kesi hakuna atakayeiuliza.