Umekuta kanda ya tamasha la jazz? Usiicheze kwanza

Mwanzoni mwa 2005, Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa akizihamishia kwenye kompyuta kanda za zamani za Sauti ya Amerika. Zilikuwemo za tamasha la hisani lililopigwa Carnegie Hall, New York, tarehe 29 Novemba 1957. Boksi moja lilikuwa limeandikwa "T. Monk". Mpiga saksafoni John Coltrane hakutajwa, Appelbaum alimtambua kwa masikio, saksafoni ilipoanza kulia. Kumbe kwateti (kundi la watu wanne) ya mpiga piano Thelonious Monk na Coltrane, iliyoacha rekodi chache mno, ilikuwa imelala rafuni zaidi ya miaka 47.

Kanda ile ilikuwa na bahati ya kuwekwa mashineni na mtu aliyejua kazi. Kanda kuukuu ikichezwa vibaya mara moja, huenda isichezeke tena. Kwa hiyo tuanze na boksi. Mashine ingoje.

Chunguza kwa macho na pua

Piga picha kila kitu kabla hujasogeza chochote: boksi pande zote, karatasi za ndani, maandishi ya kwenye rili (gurudumu lililobeba kanda), hata kipande cha gazeti kilichokunjwa humo. Kisha nusa. Ukipata harufu ya siki, kanda yako ni ya asetati na imeanza kuoza kwa asidi inayotoka ndani yake yenyewe. Itenge na nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu mvuke ule huharakisha kuoza kwa kanda za asetati zilizo jirani, na uipe nafasi ya kwanza kwenye foleni. Kanda ya namna hii husinyaa, hujikunja kingo na kugoma kulala sawasawa juu ya hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma kanda.

Kama hakuna harufu, inyanyue rili mbele ya taa kali na utazame ubavuni, pale kanda ilipojizungusha. Mwanga ukipenya, ni asetati. Ukizuiliwa, ni poliesta. Kanda nyingi za miaka ya 1950 ni asetati. Tofauti hii ndiyo inayoamua mengine yote: asetati hukatika kama kibiriti, na mkato wake huungika vizuri, poliesta haikatiki, inavutika, na sehemu iliyovutika haina tiba.

Tazama pia mgongo wa kanda. Kanda za poliesta za kuanzia miaka ya 1970 zenye mgongo mweusi usiong'aa, kama Ampex 406 na 456 au Scotch 226, zina ugonjwa maarufu wa kunata. Gundi iliyoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu wa hewa na kulainika. Ukiicheza hivyo, itapiga kelele kama breki za daladala, itaacha tope la kahawia kwenye hedi, na tope hilo ndilo muziki wenyewe.

Kuoka, na lini usioke

Kanda inayonata huokwa kwa nyuzi joto 54 za Selsiasi, kwa saa 8 ikiwa ni ya robo inchi. Tumia mashine ya kukaushia matunda yenye feni, au kabati la joto la maabara. Oveni ya jikoni haifai, kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kwa nyuzi 15 au zaidi bila wewe kujua. Jiko la gesi lina ubaya wa ziada, kwani gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, na maji ndiyo unayojaribu kuyatoa. Maikrowevu usiitaje. Weka kipimajoto cha pembeni ndani ya mashine, usiamini namba za kwenye kitasa. Igeuze rili kila baada ya saa 2. Ikimaliza, zima na uiache ipoe humohumo kwa muda uleule iliookwa.

Baada ya hapo una wiki chache za kuicheza kabla haijaanza kunata tena. Unaweza kuioka mara ya pili, lakini panga kazi yako kana kwamba huwezi.

Asetati haiokwi kamwe. Joto huikausha, huikunja, na kuharakisha ile siki. Anayekushauri uoke kila kanda "kwa usalama" hajawahi kuona asetati iliyookwa.

Mashine

Mashine kubwa ya studio inapendeza, ila mashine nzuri ya nyumbani iliyohudumiwa inatosha. Unachohitaji ni spidi sahihi na hedi sahihi. Spidi za kawaida ni sentimita 9.5, 19 na 38 kwa sekunde, yaani inchi 3¾, 7½ na 15. Rili ya inchi 7 yenye kanda nene ya kawaida hubeba futi 1,200, ambazo kwa spidi ya 19 ni dakika 32. Kama boksi linasema seti nzima ya saa moja imo upande mmoja, basi ama kanda ni nyembamba zaidi au spidi ni ndogo zaidi.

Safisha hedi na kila chuma ambacho kanda inapita kwa pamba za masikio na isopropili ya asilimia 99. Gurudumu la mpira linalobana kanda lisafishe kwa maji yenye sabuni laini kidogo, kwani alkoholi kama isopropili hulikausha na kulipasua. Kisha ondoa sumaku iliyobaki kwenye hedi. Mashine ikiwa imezimwa na kanda zote ziko chumba kingine, washa kifaa cha kuondolea sumaku ukiwa umbali wa mita moja, kisogeze taratibu hadi karibu na hedi, kirudishe taratibu hadi mita moja, ndipo ukizime. Ukikizima kikiwa karibu na hedi utakuwa umeiongezea sumaku badala ya kuiondoa, na kila kanda itakayopita hapo itafutika masafa ya juu kidogokidogo.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni mpangilio wa usawazishaji wa sauti za juu na za chini. Kanda ya Marekani kwa kawaida ilirekodiwa kwa kiwango cha NAB. Ya Ulaya, hasa ya redio, kwa IEC, inayoitwa pia CCIR. Ukiicheza ya NAB kwenye mashine iliyowekwa IEC kwa spidi ya 19, sauti za juu zitazidi kwa karibu desibeli 3 na matoazi yatakuchoma masikio. Usirekebishe kwa kubahatisha; badili swichi ya mashine.

Kuunga na kuzungusha

Viungo vya zamani hukauka na kuachia. Usiviruhusu viachie mashine ikiwa inakimbia. Zungusha kanda kwa mwendo wa kucheza, ikiwa haigusi hedi, huku ukishika daftari: kila kiungo kinachoachia, simamisha, pangusa gundi iliyosalia, kata kwa wembe usio na sumaku na uunge upya kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya dukani huvuja gundi na kunatisha mizunguko miwili ya jirani.

Usirudishe kwa kasi kanda ambayo hujaikagua. Zoezi la kuizungusha polepole mara mbili au tatu lina faida nyingine: hupunguza ule mwangwi wa ajabu ambapo unasikia noti ya piano kwa mbali sekunde moja kabla haijapigwa. Mizunguko iliyolaliana kwa miongo huambukizana sumaku.

Hedi na pembe yake

Sikiliza sekunde 30. Upande wa kushoto muziki unakwenda mbele na wa kulia unarudi nyuma? Basi kanda ilirekodiwa nusu kwa nusu, pande mbili. Usiigeuze; rekodi njia zote mbili kwa mkupuo mmoja kisha uligeuze faili la pili kwenye kompyuta. Umeiokolea kanda safari moja.

Sasa rekebisha pembe ya hedi. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, na hedi yako lazima iufuate. Weka alama ya kalamu mahali skrubu ya hedi ilipo sasa. Kwa rekodi ya mono, geuza fezi ya njia moja (mawimbi yake yawe kinyume), changanya njia zote mbili, kisha zungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, ukitafuta mahali ambapo kilichobaki ni kidogo kabisa. Rudisha fezi, na utasikia brashi za mpiga dramu zimefunguka. Hakuna programu inayoweza kurudisha baadaye masafa uliyoyapoteza hapa.

Kurekodi

Rekodi kwa biti 24 na kiloherzi 96, faili la WAV. Stereo ya namna hiyo hula karibu megabaiti 35 kwa dakika, yaani takriban gigabaiti 2 kwa saa. Acha vilele vya sauti vifike desibeli 6 chini ya ukomo. Katika tamasha la jukwaani, kinachovuka mara nyingi ni makofi au mtangazaji aliyeshika kipaza sauti mdomoni, kwa hiyo usipime kwa piano ya mwanzo ukadhani umemaliza.

Rekodi toka kabla ya sauti ya kwanza hadi kanda itoke kwenye rili. Kukohoa kwa watu, kuweka sawa nyuzi za besi, mtu anayeita jina la wimbo kutoka ukumbini: humo ndimo ushahidi unamokaa.

Usipitishe kichujio chochote kwenye faili hili la kwanza. Safisha nakala. Na hata nakala, kuwa mpole. Rekodi za Coltrane na Eric Dolphy klabuni Village Gate mwaka 1961, zilizokutwa Maktaba ya Umma ya New York na kutolewa 2023, zilinaswa na Rich Alderson kwa kipaza sauti kimoja kilichoning'inizwa juu. Dramu za Elvin Jones zimejaa, besi ziko mbali. Ndivyo chumba kilivyosikika kutoka pale juu. Ukijaribu kuivuta besi ije mbele, utavuta na kila kitu kilichoko chini yake.

Spidi: sikiliza umeme

Hapa pana mbinu ambayo ingestahili kufundishwa kwanza. Karibu kila rekodi ya zamani ina mvumo mdogo wa umeme. Marekani umeme ni herzi 60, Tanzania, Kenya na Ulaya ni 50. Chukua sehemu tulivu ya faili, ifungue kwenye kionyeshi cha masafa cha Audacity, chagua ukubwa mkubwa kabisa wa uchambuzi, utafute kilele chembamba chini kabisa. Kanda ya New York inapaswa kuonyesha 60, na mara nyingi 180 ndiyo inayosomeka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kosa huwa limezidishwa mara tatu. Ukiona 186, kanda inakwenda haraka kwa asilimia 3.3, zaidi ya robo toni. Piano itaonekana kavu na saksafoni itakuwa na haraka isiyo yake. Badilisha kasi ya faili kwa uwiano huo, sauti na mwendo kwa pamoja.

Kabla ya yote, rekodi dakika moja mashine ikiwa imewashwa bila kanda, ili uujue mvumo wako mwenyewe. Ukiwa Dar es Salaam utakuwa karibu na 50. Ukikuta 50 nyingine iliyopinda kidogo na 60 pamoja ndani ya kanda, kuna uwezekano mkubwa unashika nakala iliyotengenezwa nchi nyingine. Kanda iliyorekodiwa kwa betri haitakuambia lolote; hapo tegemea piano, ukikumbuka kwamba piano ya ukumbini si lazima iwe imesawazishwa.

Ni nani anayepiga?

Lebo ni dokezo tu. Boksi lililoandikwa "Jazz" kutoka Tabora au Morogoro litakuwa na magita na rumba, maana bendi zetu za dansi zilijiita hivyo. Kazi ya kuliokoa ni ileile. Hesabu vyombo. Andika kila tangazo neno kwa neno pamoja na dakika yake. Tafuta tangazo la gazeti la wiki ile: usiku ule wa Carnegie Hall walipanda pia Billie Holiday, Dizzy Gillespie, Ray Charles na Sonny Rollins, na kulikuwa na maonyesho mawili, kwa hiyo wimbo uleule unaweza kutokea mara mbili bila kuwa nakala.

Kuwa na kanda si kuwa na haki ya kuitoa. Wanamuziki, warithi wao na watunzi wa nyimbo wana sehemu zao. Ile ya 1957 ilitoka kupitia Blue Note, na mtoto wa Monk, T.S. Monk, akiwa mmoja wa watayarishaji. Kuandika barua mapema ni nafuu kuliko kuondoa kitu kilichokwisha kusambaa.

Kuihifadhi

Nakala tatu za faili, kwenye vifaa vya aina mbili, moja nje ya nyumba, na kila moja iwe na namba yake ya uhakiki ya SHA-256 uilinganishe kila mwaka. Kanda yenyewe iache upande wa mwisho ukiwa nje, iliyozungushwa kwa mwendo wa kucheza, isimame wima kama kitabu, mbali na spika. Nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 ndio unaotakiwa. Pwani hupati hivyo bila kiyoyozi, kwa hiyo tumia chombo kinachofunga kabisa chenye mifuko ya jeli ya silika, uibadilishe ikibadilika rangi. Asetati inayonuka siki usiifungie hivyo, inahitaji kupumua.

Mwisho, kwa penseli, andika kwenye boksi tarehe, ukumbi, spidi, NAB au IEC, mwinamo uliotumia, na majina yote uliyothibitisha. La mpiga saksafoni usilisahau.