Pikipiki ya kwanza: kaa juu yake kabla ya kuuliza bei

Wadogo zangu wa Kigoma mnaotafuta pikipiki ya kwanza, msianze na rangi. Kaa juu yake, kanyaga chini. Nyayo zote mbili zikigusa ardhi bila kunyoosha vidole, hiyo inakufaa. Ukisimama kwenye kile kilima cha kutoka stesheni kupanda Mwanga, na abiria nyuma, ndipo utajua kwa nini nasema hivi. Cc 100 hadi 125 inatosha kabisa kwa anayeanza, na spea zake hazihitaji kuagizwa mbali.

Ya mkononi? Chukua kitambaa, futa vumbi kwenye shingo ya fremu, usome namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na kadi ya pikipiki. Kisha namba ya injini. Mimi niliona uvivu kufanya hivyo, nikahangaika miezi mitatu kubadilisha umiliki.

Bima ndiyo wengi wanajidanganya. Bima ndogo ni lazima kisheria, lakini inamlipa uliyemgonga. Mguu wako na pikipiki yako havimo. Ikiibiwa, imekwenda. Kama umekopa kuinunua, jibane ukate bima kubwa, ile inayolipa na pikipiki yako. Ukishalipa, ingiza namba ya pikipiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, palepale mbele ya wakala, uione mwenyewe. Na mwambie ukweli kama utabeba abiria, maana bima ya matumizi binafsi inaweza kukugomea siku ya ajali. Leseni iwe mfukoni kabla ya yote hayo.