Kumhudumia Mgonjwa Anayechachamaa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora, hapa mjini Tanga, yupo mtu mmoja ambaye ukoo mzima humtegemea kwa kazi isiyo na cheo: binti aliyebaki kwa wazazi, mke wa kaka mkubwa, au msichana wa kazi aliyetoka Lushoto au Muheza. Mtu huyo amekabidhiwa bibi anayesahau, kijana mwenye usonji, au mtu mzima anayetumia dawa za ugonjwa wa akili. Siku ya kwanza huonyeshwa namna ya kumwogesha na saa za dawa, lakini haambiwi afanye nini siku mgonjwa atakapomrushia sahani, atakapomng'ata mkono au atakaposhikilia kutoka nje saa nane za usiku. Mwongozo huu unahusu siku hiyo, na zaidi unahusu siku zinazoitangulia, kwa kuwa ghasia nyingi huzuilika kabla hazijaanza, na ni chache mno zinazotulizwa kwa nguvu za mikono.

Tafuta kwanza kinachomsumbua

Mgonjwa asiyeweza kueleza maumivu yake huyaonyesha kwa matendo. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kwamba ni mkorofi, mchunguze: jino, sikio, choo kigumu, kidonda kilichofichwa na nguo, mkojo unaochoma, njaa, kiu, homa. Mzee aliyekuwa mtulivu akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili tatu, akawa anaona watu wasiokuwapo, anasinzia mchana na kupiga kelele usiku, usiseme kwamba ni dimensia, yaani maradhi ya kusahau ya uzeeni, imezidi, maana maradhi hayo kwa kawaida huenda polepole kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya ghafla mara nyingi hutokana na maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya aliyoanzishwa, na mzee wa namna hiyo anatakiwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akianza kutetemeka, kutoka jasho na kutukana pasipo sababu, apimwe sukari mara moja. Kama kipimo hakipo na bado anameza vizuri, apewe kinywaji chenye sukari bila kusubiri. Aliyezimia asipewe kitu chochote mdomoni.

Jambo moja huwapotosha walezi wengi wa watu wanaotumia dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidol. Mgonjwa hushindwa kukaa, hutembea huku na huko, husema mwili unamwasha kwa ndani, na familia hudhani maradhi yamepanda, ikaongeza vidonge. Kumbe hali hiyo yaweza kuwa inaletwa na dawa yenyewe, na kuongeza dozi huizidisha. Shingo ikipinda, taya zikikaza au macho yakivutwa juu baada ya dawa za namna hii, mpelekeni hospitali haraka, kwa sababu ipo tiba ya kuiondoa hali hiyo, na aliyeiona mara moja atajua kwa nini mgonjwa huogopa kumeza vidonge tena.

Kuhusu majini na visomo, ambavyo hapa Tanga haviwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya, msimamo wangu ni kwamba dua iliyosomwa kwa sauti ya upole pembeni ya kitanda haimdhuru mgonjwa, na pengine humtuliza yeye na watu wa nyumba. Kinachodhuru ni kumfukiza moshi hadi akakosa pumzi, kumfunga, kumpiga ili pepo atoke, au kumsimamishia dawa za hospitali.

Chombo cha pili cha mlezi ni daftari la kawaida la shule. Kila ghasia inapotokea, yaandikwe mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya mgonjwa, na kilichofuata, pamoja na saa. Tuseme bibi huchachamaa jioni. Baada ya wiki mbili daftari laweza kuonyesha kwamba kila mara ni kati ya saa kumi na moja na saa moja usiku, wakati watoto wanarudi kutoka madrasa kwa kelele, vyumba vimeanza kuwa na kiza na taa haijawashwa, redio inasema kwa sauti ya juu, na yeye hajapata kitu tangu chakula cha mchana. Basi taa iwashwe mapema, chai na kipande cha muhogo vitangulie, watoto wapitie mlango wa uani, na kuoga kuhamishiwe asubuhi. Sehemu ya tatu, yaani kilichofuata, huonewa haya na familia kwa sababu hututaja sisi: kijana anayejipiga kichwa akapewa simu kila mara ili anyamaze, amefundishwa kwamba kujipiga kunaleta simu. Mfundisheni njia nyingine ya kuomba, hata kama ni kuonyesha picha au kugusa mkono wa mlezi, na mkiona ameitumia mjibuni upesi, ili aone kwamba ina faida kuliko ile ya zamani.

Mkaribie mzee kwa mbele, aone uso wako, umwamkie kabla ya kumgusa. Mambo aliyoyazoea tangu utotoni hukawia kusahaulika, na mara nyingi bibi asiyemjua tena mjukuu wake bado huitikia "marahaba" bila kufikiri, na mwili wake hulegea anapoitikia. Akisema anataka kwenda kwao Pangani, usimwambie kwamba nyumba iliuzwa na nduguze wamekufa, kwa kuwa utamfanya afiwe upya kila siku. Muulize, "Bibi, kwenu mlikuwa na minazi mingapi?" kisha mtembee pamoja hadi barazani.

Ghasia zinapoanza

Dalili hutangulia: pumzi za haraka, ngumi zilizokunjwa, kutembea mbele na nyuma, swali lile lile likirudiwa kwa sauti inayopanda. Hapo azungumze mtu mmoja tu, aliyeteuliwa tangu zamani, na wengine wote wanyamaze. Simama umbali wa hatua mbili, ubavu kidogo na si uso kwa uso, mikono ionekane, wala usizibe mlango, kwa ajili yake na kwa ajili yako. Sauti ishuke badala ya kupanda, sentensi ziwe fupi, na baada ya kila sentensi nyamaza umpe nafasi ya kuielewa. Ukimya unaokukera wewe ndio anaouhitaji yeye. Akisema jirani amemwekea sumu, usibishe wala usikubali. Sema, "Naona umeogopa, baba. Niko hapa." Halafu mpe mambo mawili ya kuchagua, yote mepesi: kukaa ndani au kukaa uani.

Uani, hata hivyo, ndiko majirani wanakojaa. Hadhara humchochea mgonjwa kuliko neno lolote, na siku hizi huja na simu za kurekodi, jambo ambalo mimi naliona ni ukatili. Kwa hiyo mtu wa pili awe na kazi moja ya kuwaondoa watu kwa adabu, na wa tatu aondoe vitu: kisu, mchi, jiko lenye moto, sufuria ya maji yanayochemka, na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo husahaulika kwa sababu inaonekana kama kiti.

Akikushika nywele au ushungi, usivute. Ubane mkono wake juu ya kichwa chako kwa mikono yako miwili hadi vidole vilegee. Aking'ata, sukuma kidogo kuelekea mdomoni, kwa kuwa kuvuta ndiko kunakochana nyama. Stadi hizi mbili zijaribiwe kwanza mbele ya muuguzi au mkufunzi anayezijua.

Asilazwe kifudifudi na mtu akamkalia mgongoni, hata kwa muda mfupi. Kifua kilichobanwa hakipanuki, na mtu anayepigana huku amebanwa hivyo anaweza kufa ndani ya dakika chache. Wala maneno "kama hapumui angewezaje kusema" si hoja, kwa maana mtu anaweza kutoa maneno machache huku hewa haimtoshi. Kamba na minyororo huumiza, huongeza hofu, na huacha kazi ile ile ya kutuliza ikiwa ngumu zaidi kesho.

Baada ya degedege la kifafa, mgonjwa huamka akiwa amechanganyikiwa na anaweza kumsukuma anayemshika. Mlazeni ubavu, msimwekee kitu mdomoni, msimzuie, na degedege likipita dakika 5 mpelekeni hospitali. Anayesema amechoka kuishi aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo jipya. Asiachwe peke yake, na dawa za kuulia wadudu, vidonge na kamba viondolewe nyumbani. Mwenye silaha mkononi aachwe alipo, watu watoke, apigiwe simu mwenyekiti wa mtaa na polisi kwa 112, na polisi waelezwe tangu mwanzo kwamba ni mgonjwa na anatumia dawa gani.

Baada ya ghasia

Mwili uliochemka huchukua muda mrefu kupoa, mara nyingi saa moja na zaidi, na katika muda huo jambo dogo hurudisha yote. Nasaha zisitolewe wakati huo. Mpeni maji, muangalieni majeraha, muacheni apumzike, kisha daftari lijazwe. Mlezi aliyeumizwa naye atazamwe, wala asiulizwe mbele ya watu alimfanya nini mgonjwa. Msichana wa kazi asiyelala usiku kwa wiki nzima hawezi kushusha sauti yake mchana, hata angefundishwa na nani, kwa hiyo zamu za usiku ni sehemu ya matibabu, na watoto wa kiume wa nyumba hiyo nao wana usiku wao.

Kwa mafunzo, anzeni na zahanati na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ni hospitali ya afya ya akili ya Kanisa la Kilutheri ambako kazi za mikono zimekuwa sehemu ya tiba kwa miaka mingi; aliyemlaza ndugu huko na aulize ni kazi ipi ilimtuliza, aiendeleze nyumbani. Kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji, Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo ya vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Waulizeni wahudumu wenu wa afya kama yanaweza kufikishwa kwenu. Wakati mnasubiri, fanyeni mazoezi alasiri moja nyumba ikiwa tulivu: mmoja aigize mgonjwa, mmoja azungumze, mmoja awaondoe majirani, mmoja akusanye visu, kisha mbadilishane zamu. Mlezi mpya akija, akae na wa zamani siku kadhaa kabla hajaachwa peke yake, na akabidhiwe daftari pamoja na funguo.