Mbwa wa Shamba Akitapika Kila Siku, Usikimbilie Kusema Kensa

Msimu wa maembe uliopita mkulima mmoja wa upande wa Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi, alinipeleka nyuma ya banda kunionyesha tapishi la mbwa wake. Mbwa alikula sima na vichwa vya samaki magharibi, na asubuhi sima ile ilikuwa imerudi na mabonge yake. Mbwa aliyekuwa akiwatoa mbio nyani shambani alikuwa amebaki mbavu.

"Daktari, jirani ashaniambia ni kensa. Nimmalize?"

Nikamwambia asubiri, maana lile tapishi lilikuwa na habari. Chakula kilicholala tumboni usiku kucha bila kushuka kinaonyesha kwamba huenda kuna kitu kimeziba njia ya kutokea.

Utando wa ndani ya tumbo la mbwa huweza kuota kinyama, kingine chenye kikonyo kama uyoga, kingine bapa. Madaktari hukiita polipu. Vingi havimsumbui mbwa, na huonekana kwa bahati tu anapopimwa jambo jingine. Taabu huanza kinyama kikiota karibu na mlango wa chini wa tumbo, pale chakula kinapoingilia utumbo mwembamba. Kikikua, kinakuwa kizibo.

Kuhusu saratani, polipu ya tumboni kwa mbwa ni nadra kugeuka. Hata saratani ya tumbo yenyewe ni chache: haifiki 1 katika kila uvimbe 100 wa mbwa. Ikija, huwapata zaidi mbwa wazee, wa miaka 8 kwenda juu. Mbwa hukonda upesi, hukataa chakula, na pengine hutapika kitu kama vumbi la kahawa linalobaki chini ya kikombe. Hiyo ni damu iliyokaa tumboni. Vinyama vya njia ya haja kubwa ni habari nyingine. Hivyo hugeuka mara nyingi zaidi, kwa hiyo mbwa anayejikamua na kutoa damu mbichi asicheleweshwe.

Lakini hofu yangu mimi kwa mbwa wetu wa mashambani iko juu zaidi, kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuna mnyoo aitwaye spiroserka. Mayai yake hutoka na mavi ya mbwa, yakaliwa na yule mdudu mweusi anayebingirisha mavi. Mbwa humla mdudu huyo, au hula mjusi au matumbo mabichi ya kuku aliyemla. Mnyoo hupenya ukuta wa tumbo, hufuata mishipa ya damu, kisha hujenga vivimbe kwenye umio, na baadhi ya vivimbe hivyo hugeuka saratani kweli.

Kwa hiyo mwangalie mbwa anavyotoa chakula. Anayetapika hukazana, tumbo likambana. Mwenye shida ya umio huinamisha kichwa tu, chakula kikateleza nje na ute, mara nyingi punde tu baada ya kula. Mpige video kwa simu umwonyeshe daktari wa mifugo. Maneno matupu hutuchanganya.

Zoa mavi ya mbwa kila siku uyafukie kabla wadudu hawajayafikia. Matumbo ya kuku yapikwe. Vidonge vya kawaida vya minyoo havitoshi kwa spiroserka. Daktari anaweza kutumia dawa iitwayo doramektini kwa kupima uzito wa mbwa, si wewe kukisia kwa sindano ya ng'ombe. Na tafadhali, diklofenaki na ibuprofeni zako za mgongo usimpe mbwa. Zinamtoboa tumbo.

Polipu iliyoziba hutolewa kwa upasuaji. Kabla ya hapo mbwa hunyweshwa bariamu, maji mazito yanayoonekana kwenye picha, na kupigwa eksirei, au hupimwa kwa altrasaundi, au kwa kamera ya kupitisha mdomoni pale ilipo. Kinyama kikishatolewa kisitupwe. Kitiwe kwenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, kiende maabara, kwa sababu kwa macho hakuna awezaye kukitofautisha na saratani, hata mimi.

Kinyama cha yule mbwa wa Kakuyuni kilikuwa na ukubwa wa kunazi mbili. Majibu yakaja: si saratani. Sasa analishwa kidogo kidogo mara tatu kwa siku, na mwenyewe akinipigia simu ni kulalamika kuhusu mayai yanayopotea bandani.