Pima Kuchi Kabla ya Kumfanya Mzazi

Wafugaji wengi wa Kuchi, aina ya kuku wa kienyeji, huchagua jogoo wa mbegu kwa kumtazama tu akiwa amesimama. Ni kweli Kuchi hajifichi: shingo ndefu, kifua kilichoinuka, miguu mirefu yenye nguvu, mdomo mfupi uliopinda, upanga mdogo uliolala kichwani, na manyoya haba. Ukimweka kando ya Ching'wekwe, kuku mwingine wa kienyeji mwenye miguu mifupi, hata mtoto atawatofautisha. Lakini kimo hudanganya. Jogoo mrefu mwenye kidari chembamba ataonekana shujaa bandani, kumbe nyama hana, na umbo hilo hurithiwa na vifaranga wake.

Kwa hiyo tafuta mizani ya kuning'iniza na futi ya fundi cherehani. Pima uzito alfajiri kabla kuku hajala, maana gole, yaani kifuko cha chakula shingoni, likijaa, uzito unaousoma ni pamoja na pumba. Mfunge miguu kwa kitambaa laini na usubiri atulie ndipo usome.

Kisha pima mguu, na hapa uwe makini kuliko kote. Mkunje kuku goti, weka mwanzo wa futi kwenye kiungo hicho, ushuke na sehemu ya magamba hadi pale vidole vinapoanzia. Pima mguu uleule kwa kuku wote, mara mbili. Vipimo vikipishana, rudia. Kipimo hiki nakiamini sana kwa kuku anayekua: mfupa haupungui kwa siku chache za njaa, ilhali uzito hushuka haraka.

Mzunguko wa kifua pima chini ya mbawa, futi ikigusa mwili bila kubana. Papasa na mfupa wa kidari: ukichoma kidole kama ncha ya kisu, nyama ni haba.

Andika namba ya kuku, jinsia, umri na vipimo vyake. Linganisha majogoo na majogoo, mitetea na mitetea, wa umri mmoja na waliolishwa pamoja. Jogoo wa miezi mitano hawezi kushindanishwa na wa mwaka. Pima wakiwa na wiki 8, kisha 12, 16 na 20, ili umwone aliyekua mfululizo.

Kwa mitetea, ongeza safu ya mayai na vifaranga waliototolewa. Mtetea mkubwa asiyetaga vizuri usimbakize kwa sababu ya umbo lake, na jogoo uliyemchagua usimpandishe kwa binti zake. Badilishana na mfugaji mwingine anayepima kama wewe.